Mkono Unaojua Kusimama

Haya ni maneno ya mwalimu mmoja wa judo, aliyoyasema Lubudi mbele ya familia zilizohama, wenyeji wao na viongozi wa mitaa, walipokuwa wakijiuliza kama waruhusu vijana kufundishwa mchezo huo.

 

Kabla sijaingia, mzee mmoja alinishika mkono hapo mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, watoto wetu wamekwisha kuona mapigano ya kutosha. Sasa wewe unakuja kuwafundisha mengine?" Nilimwomba aingie, nimjibu mbele ya wote, kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Mzee huyo ana haki ya kuuliza. Katika Katanga yetu ya zamani, miaka ya 2005 na 2006, mapigano ya jeshi na Mai-Mai upande wa Mitwaba, Manono na Pweto yaliwatoa watu zaidi ya 100,000 katika vijiji vyao, na watoto walitiwa katika vikundi vya wapiganaji. Wengine wenu mna ndugu waliotoka Kasai, ambako vita vya Kamuina Nsapu vilivyoanza mwaka 2016 vilihamisha zaidi ya watu milioni moja, na huko pia watoto walisukumwa mbele ya risasi. Mzazi aliyeona hayo akisikia neno "kupigana", moyo wake hushtuka. Hata mimi ningeshtuka.

Kwa hiyo sitasema mambo mengi. Nitasema jambo moja: nguvu iliyofundishwa kipimo haina hatari kama nguvu isiyofundishwa kitu. Vijana wetu nguvu wanazo tayari. Wamezipata kwa kubeba magunia ya makala, kwa kuchimba mawe na kwa kusukuma kinga zenye mizigo kilometa nyingi. Kinachobaki ni kujua kama watafundishwa kuzipima, na nani atawafundisha. Mahali ambapo mwalimu hafundishi kipimo, mzee wetu ana haki kabisa, na klabu hiyo ifungwe.

Mchezo ulioanzishwa na mtu mdogo

Judo ilianzishwa Japani mwaka 1882 na Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa kijana mwembamba, na shuleni wakubwa walimwonea. Akatafuta walimu wa mapigano ya zamani, akajifunza, kisha akafanya kazi ya kuchambua: kila mbinu aliiuliza inatumia nguvu kiasi gani, na kama inaweza kufanywa bila kumvunja mwenzako. Zile za kuua na kulemaza aliziweka kando ya mazoezi ya kila siku. Alianza na wanafunzi wachache katika chumba kidogo cha hekalu, chenye mikeka kumi na miwili tu.

Aliacha mafundisho mawili makubwa. La kwanza: tumia nguvu zako vizuri, usizimwage ovyo. La pili: wewe na mwenzako mwendelee pamoja. Haya mawili hayatengani. Ukimvunja mwenzako leo, kesho utafanya mazoezi na nani?

Siku ya kwanza tunafundisha kuanguka

Watoto wengi wanapokuja wanataka kujua namna ya kuangusha mtu. Mimi ninawafundisha kuanguka. Wiki za kwanza karibu zote ni za kuanguka.

Kuna njia yake hasa. Kidevu kinashuka kifuani, na macho yanatazama mkanda wako mwenyewe, ili kichwa kisigonge chini. Mkono unapiga mkeka ukiwa umenyooka, karibu na ubavu, kiganja kikitazama chini. Mtoto akinyoosha mkono nyuma ili ajizuie, kifundo kinaweza kuvunjika. Akisahau kidevu, kichwa kitaumia. Tofauti ya kuanguka vizuri na kuumia ni ndogo kuliko upana wa mkono huu.

Ndiyo maana ninasema kipimo. Hapa Lubudi, mji uliojulikana kwa simenti tangu wakati wa wakoloni, hamhitaji mtu wa kuwaeleza hili. Simenti ikichanganywa na mchanga bila kipimo, ukuta utasimama siku ya kwanza, mbele ya wageni. Baadaye utapasuka.

Tena kuna jambo lingine nimeliona katika kuanguka. Mtoto aliyekimbia usiku, aliyesikia bunduki, mara nyingi mwili wake umekaza. Ukimgusa bega anaruka. Mtoto wa namna hiyo ukimpa nafasi ya kuanguka mara kumi, mara ishirini, mahali ambapo hakuna anayemdhuru, akainuka kila mara, anaanza kupumua. Simwiti huyo mtu aliyepona. Mimi si daktari, na mkeka hauchukui nafasi ya mama wala ya mshauri. Lakini kwa saa moja akili yake inakuwa mahali pamoja na mwili wake.

Mahali, wakati na kiasi

Baada ya kuanguka tunakuja kwenye kuangusha. Kila mwangusho una sehemu tatu. Kwanza unamvuta au kumsukuma mwenzako mpaka uzito wake uegemee upande mmoja. Pili unaingia, unaweka mguu na nyonga mahali panapotakiwa. Tatu unamalizia. Ukiruka sehemu ya kwanza, utalazimika kutumia nguvu za mabega, na hata hivyo hataanguka, au mtaanguka wote wawili vibaya. Ukiifanya sawasawa, msichana mdogo anamwangusha mwanaume mwenye uzito kuliko yeye.

Kwa sababu hiyo tunarudia. Mwanafunzi anaingia mara kumi bila kuangusha, anatoka, anaingia tena kumi. Vijana wanachoka na kulalamika. Lakini katika kurudia huko ndimo akili inapojifunza kukaa kwenye kitu kimoja: mkono huu umeshika wapi? Mguu huu umefika? Mwenzangu anaegemea wapi sasa? Mtu anayejiuliza hayo hana nafasi ya kufikiri juu ya hasira yake ya asubuhi.

Na mwishoni kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Anayeangusha hauachi mkono wa nguo wa mwenzake. Anaushika na kuuvuta juu kidogo, ili mwenzake afike chini kwa ubavu na mgongo, si kwa kichwa. Wewe uliyemwangusha ndiwe unayemlinda.

Kisha kuna kusimama. Mwenzako akipiga mkeka mara mbili, au akikupiga wewe mara mbili, unaachia papo hapo. Haungoji sekunde moja, wala haumwulizi kama kweli ameshindwa. Mwalimu akisema "mate", yaani simama, wote wawili wanasimama, hata yule aliyekuwa karibu kushinda. Ninawaambia vijana wangu: kuangusha mtu hata mlevi anaweza. Kusimama katikati ya nguvu zako mwenyewe, hapo ndipo tunajua kama umejifunza.

Wawili waliotoka Bukavu

Wengi mmesikia habari za Popole Misenga na Yolande Mabika, wana wa nchi yetu, wenye asili ya Bukavu. Vita viliwatenga na familia zao wakiwa watoto. Popole alikuwa na miaka tisa alipokimbia mapigano. Alikaa msituni siku nane kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa, na huko, katika kituo cha watoto waliohama, alianza judo. Yolande naye alijifunza Kinshasa. Wote wawili wamesimulia namna judo ilivyowashika mkono walipokuwa hawana mzazi karibu. Lakini wamesimulia pia namna walivyoadhibiwa waliposhindwa, hata kufungiwa.

Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro, Brazili, kwa mashindano ya dunia. Hawakurudi. Waliomba hifadhi huko, na baadaye wakapokelewa na mwalimu Geraldo Bernardes. Mwalimu huyo alieleza kwamba mwanzoni walikuwa wakali mno mazoezini, hata wenzao waliumia. Ni rahisi kuelewa. Mtu aliyezoea kwamba kushindwa ni adhabu, kila zoezi kwake ni vita. Nguvu alikuwa nazo, na ujasiri pia. Kilichohitaji kazi ya pole pole ni kujua kwamba huyu aliye mbele yangu ni mwenzangu, na kwamba leo ni mazoezi.

Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio, wote wawili walikuwa kati ya wanamichezo kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi. Yolande alishindwa katika pambano lake la kwanza. Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2015. Popole alirudi tena na timu ya wakimbizi katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021.

Siwaelezi haya ili watoto wenu waote medali. Wengi hawatafika huko. Ninawaeleza ili muone kwamba mchezo ni ule ule, lakini mwalimu anayefundisha kwa kutisha hutoa wanafunzi wenye woga na ukali, na mwalimu anayefundisha kwa kipimo hutoa wanafunzi wanaoweza kusimama.

Kosa langu mwenyewe

Sasa niseme jambo lisilonipa sifa.

Miaka iliyopita nilikuwa nikifundisha katika mtaa mmoja wa Kolwezi. Kundi lilikuwa na watoto wa wenyeji na wa familia zilizohama. Alikuja kijana mmoja, mwana wa familia iliyohama, aliyekuwa akifanya kazi na wachimbaji wa mikono, wale tunaowaita kreseri. Alikuwa na mabega kama mlango. Nikafurahi naye. Katika wiki yake ya tatu nikamwacha aangushe, ijapokuwa kuanguka na kushika kulikuwa bado hakujamwingia. Siku hiyo alikuja mgeni, nami nikageuka kuzungumza naye. Kijana akamwangusha mwenzake, mtoto wa wenyeji, kwa nguvu zake zote, akauachia mkono wa nguo. Mfupa wa bega la mwenzake ukavunjika.

Kosa lilikuwa langu. Nilimpa kijana mbinu kabla ya kipimo, na macho yangu hayakuwa mahali pake.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Jioni ile, kwenye bomba la maji, watu walisema: "Mgeni amemvunja mtoto wetu." Kufika usiku ikawa: "Wageni wanafundishwa kuvunja watoto wetu." Asubuhi vijana walikuwa wamekusanyika wakiwa na fimbo, na familia ya kijana ilikuwa imefunga vitu vyake ili ihame tena.

Kilichotuokoa ni wazee wawili, mmoja wa wenyeji na mmoja wa waliohama. Walikaa nje, mbele ya wote, wakauliza maswali matatu tu. Nani? Alifanya nini hasa? Nani aliona kwa macho yake? Wale waliopiga kelele kuliko wote hawakuwa wameona kitu. Mtoto mwenye bega lililofungwa ndiye aliyesema: "Tulikuwa tunacheza. Aliachia mkono." Nami nikasimama nikasema kwamba mwalimu hakuwa anatazama. Matibabu tuligawana, mimi sehemu kubwa. Fimbo zikarudi nyumbani.

Yule kijana alirudi mwanzo, akaanguka wiki nyingi. Yule aliyevunjika, mama yake hakumruhusu kurudi tena. Simlaumu.

Na ulimi nao hupiga

Siku ile nilijifunza kwamba wale wazee walifanya judo kuliko mimi. Uvumi ni pigo lisilolengwa. Mmoja amekosa, na pigo linatua juu ya mia.

Sisi wa hapa tunajua linafika wapi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na mahali pengine. Maelfu walilala kwenye vituo vya treni wakingoja safari, na wengine, hasa watoto na wazee, walikufa kabla ya kufika. Treni zao zilipita kwenye reli hii hii ya Lubudi, kwenda Bukama, Kamina na Mwene-Ditu. Kati yao walikuwa watu waliozaliwa Katanga, ambao Kasai hawakuijua ila kwa jina. Hakuna aliyeulizwa: wewe, kwa jina lako, ulifanya nini? Kila mmoja alipigwa kwa jina la wote.

Kwa hiyo ninapomwambia mtoto "shika hapa, si pale, sasa, si baadaye, kiasi hiki, basi", natumaini atabeba hayo mpaka kwenye maneno yake. Ng'ombe akila mahindi, ataje ng'ombe wa nani na shamba la nani, asitaje kabila. Simu ikiibwa, atafute aliyeiiba. Mkeka peke yake hautoshi kumfundisha hilo. Atalijifunza akiona wakubwa wake wakifanya vile vile.

Ninayowaomba viongozi

Kama mtaruhusu klabu ianze hapa, msiniamini kwa sababu ya maneno yangu mazuri. Nipimeni kwa mambo haya.

Kwanza, mjue mwalimu ametoka wapi, nani alimfundisha na nani alimpa mkanda. Njoni kutazama mazoezi bila kutoa habari. Mkikuta mtoto anapigwa au anatukanwa kwa sababu ameshindwa, mtoeni.

Pili, wenyeji na waliohama wafanye pamoja, na kila siku wabadilishane wenzi. Kundi la upande mmoja tu ni kundi la kuogopwa.

Tatu, mahali pakaguliwe kila siku. Kama hatuna mikeka ya kununua, tunaweza kuweka majani makavu mengi chini ya turubai lililokazwa. Lakini jiwe moja lililofichika linatosha kuharibu kazi yote.

Nne, watoto wadogo wasifundishwe kukaba shingo wala kukunja kiwiko. Hayo ni ya wakubwa, chini ya macho ya mwalimu.

Tano, wasichana wapate nafasi yao, wamama wakiwepo, na hakuna mtoto anayeingia bila mzazi au mlezi kukubali.

Sita, na hili ninalisema mbele ya wakubwa wote: vijana hawa wasitumwe na mtu kuwa walinzi wake, si mwanasiasa, si mwenye shimo la madini, si chefu, si mimi. Siku watakapopewa bia na franga ili wasimame mbele ya mlango wa mtu, mazoezi yamekwisha, hata kama bado wanavaa kimono.

Saba, tukubaliane leo, kabla ya kitu kutokea, nani atamchukua mtoto akiumia, atampeleka wapi, na nani atazungumza na familia mbili. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtungi unaweza kuwekwa mahali pazuri mapema.

Mzee wangu wa mlangoni, hilo ndilo jibu langu. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna kijana atakayetumia vibaya alichojifunza. Ninaweza kukuahidi kwamba atafundishwa kuanguka kabla ya kuangusha, na kusimama kabla ya kushinda. Na kama siku moja mtakuta macho yangu hayako mahali pake tena, niiteni kwa jina langu, mniambie kosa langu hasa. Nitasimama.

 

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, vijana wana kazi gani mchana na jioni? Nani anawafundisha kupima nguvu zao?

2. Kumbukeni uvumi mmoja uliopita hapa. Je, maswali matatu ya wazee yaliulizwa? Kama yangeulizwa, kitu gani kingebadilika?

3. Kama mtoto wa wenyeji na mtoto wa waliohama wakiumizana kesho, nani kati yetu atakaa pamoja mbele ya wote? Tuwachague leo.